Spika za Chumbani kwa Bi Khadija

Vijana wangu, nimeona bora niandike, maana kila nikiketi barazani kupumua kuna mmoja wenu ananiletea simu usoni. "Mzee Athmani, hizi ni mpya dukani, hizi zimetumika lakini ni za maana, bei zao zinakaribiana. Nichukue zipi?" Zamani nilikuwa nikijibu papo hapo. Siku hizi naitazama picha, namrudishia mwenyewe simu yake, namwambia spika haichaguliwi kwa macho. Wengine hucheka. Wengine hununa, wakaenda kumuuliza mtu mwingine.

Duka langu la ufundi wa sauti la Langoni nimelifunga. Mikono imeanza kutetemeka, na mkono unaotetemeka haufai kushika chuma cha kulehemu. Lakini swali lenu silidharau. Nimewahi kuona swali hilohilo likiamua kama mama mmoja atamsikia tena marehemu binti yake, au hatamsikia kamwe. Nitawasimulia habari hiyo, na katikati nitachomeka yale ya ufundi, maana najua ndiyo mnayoyatafuta.

Kwanza aliyenifundisha. Fundi Kioko alitoka bara, Mkristo, mtu wa kucheka polepole, aliyeletwa hapa kwetu Amu na kazi ya serikali ya kutengeneza mitambo ya redio. Jioni akimaliza ya serikali alitengeneza ya watu. Mimi nilikuwa nikimshikia taa na kumtania kwa Kiswahili chake. Akikutengenezea spika, hakuijaribu kwa muziki wa kelele kama wenzake. Alikuwa na kaseti moja ya mama yake akizungumza Kikamba, labda habari za mbuzi, labda za shamba, sikujua. Aliitia, akainamisha kichwa, akasikiliza. Mara nyingine alitikisa kichwa na kufungua boksi upya, ilhali mimi nilisikia kila kitu sawasawa.

"Fundi, mbona yasema vizuri?" nilimuuliza siku moja.

"Inasema vizuri," akanijibu, "lakini si mama. Wewe kijana unasikia maneno. Mimi nangoja mtu aingie hapa ndani."

Nilimwona mshamba. Baadaye sana nikaelewa kwamba alinipa kazi yote kwa maneno machache. Muziki usioujua hauwezi kukwambia kama spika inasema kweli, kwa sababu hujui ulivyokuwa ulipopigwa. Sauti ya mtu uliyeishi naye hakuna spika itakayokudanganya nayo. Basi ukienda kununua, mpya au kuukuu, usikubali muuzaji akupigie anachotaka yeye. Nenda na sauti yako mfukoni.

Sasa kuhusu hizo kuukuu. Huku kwetu hewa ya chumvi inakula kila kitu, inakula hata bawaba za milango. Ukiletewa spika iliyotumika, vua kile kitambaa cha mbele, tazama mviringo unaoishika koni. Ukiwa ni wa sponji, uguse kwa ncha ya kidole. Ukikatika kama keki ya juzi, mwambie mwenyewe kwaheri, au mteremshie bei sana. Ukiwa ni wa raba, una matumaini. Halafu weka vidole vyako vinne kwenye koni, uisukume ndani taratibu, isiende upande. Ukisikia mkwaruzo, ujue koili, ule waya uliosokotwa ndani, inasugua sumaku, na huo ugonjwa una dawa lakini dawa yake ni kazi. Chungulia misumari ya parafujo ya shaba, inayoshika nyaya nyuma: ikiwa imeota kutu ya kijani, basi na ndani kumeota. Na jambo ambalo watu hawaliamini mpaka liwafike: spika inayokaa bila kupigwa hapa kwetu hufa mapema kuliko ile inayopigwa kila siku.

Mpya nazo msizione malaika. Kuna jamaa wa Pate, Bwana Famau, aliyekuwa akikodisha muziki wa harusi. Alijipeleka Mombasa peke yake, akarudi na spika mpya za kimo cha mtoto wa shule, zina taa za rangi zinazochezacheza. Alinipitia dukani makusudi nizione. "Zishike, Athmani, zishike uone uzito wake!" Nikazishika. Zilikuwa nzito kweli. Harusi ya kwanza tu zikanyamaza, tukazifungua. Ndani mlikuwa na kispika cha kiasi cha kisahani cha kahawa, na chini yake bonge la simiti limebandikwa kwa gundi. Famau aliketi juu ya boksi lake akacheka mpaka akatokwa na machozi, kisha machozi yakabaki na kicheko kikaondoka. Tangu hapo wakamwita Bwana Simiti, Mungu amsamehe na atusamehe sisi tuliomwita.

Nirudi kwa Bi Khadija, yule mama niliyemtaja mwanzo.

Nyumba yake iko mtaa wa Mkomani, moja ya zile za kale, kuta za mawe na chokaa unene wa mkono mzima, na chumba cha ndani kina zidaka ukuta mzima. Zile zidaka, vile vishimo vya kuwekea sahani za china, mababu walizitia kwa ajili ya urembo, lakini fundi wa sauti angezilipia. Sauti ikigonga ukuta mtupu hurudi kukupiga usoni. Ikigonga zidaka hutawanyika, ikatulia. Sijapata kusikia chumba kinachopokea sauti vizuri kama kile.

Bi Khadija alikuwa na watoto wawili, Abdalla na Salma. Salma alifariki katika uzazi, yeye na kichanga chake, angali bado msichana mbichi. Aliyemjua alijua jambo moja juu yake: hakukuwa na mwenzake kwa kuimba. Nasema aliyemjua nikiwa na maana ya wanawake. Aliimba katika harusi, zile siku za wanawake peke yao, milango imefungwa na mwanamume hasogei hata uchochoroni. Sisi wanaume tulisikia sifa tu. Wake zetu walirudi nyumbani wamepigwa na butwaa, wakituambia, "Leo Salma!" halafu wananyamaza kwa sababu hawawezi kutueleza.

Na palikuwa na kaseti moja. Shoga yake mmoja alirekodi harusi fulani, nayo ndiyo pekee iliyobaki. Bi Khadija aliiweka katika kisanduku pamoja na udi. Msiniambie kwamba angeiingiza kwenye simu. Mlikwisha kumwambia, na alikataa. Simu hutembea mikononi mwa watu. Mle ndani hamna Salma peke yake, mna sauti za wanawake wa mtaa mzima waliojiachia wakijua wako peke yao. Zile sauti ni amana. Bi Khadija alikuwa na haki juu ya sauti ya mwanawe, juu ya nyingine hakuwa na haki, na alilijua hilo.

Siku aliyonijia dukani aliketi kwenye kile kiti cha wateja, akafunua uso kidogo ili aone midomo yangu nikisema. Hapo nikajua.

"Athmani mwanangu," akasema kwa sauti ya juu, "mashikio yangu yanakwenda. Kila siku lapungua neno. Nataka kumsikia Salma kwanda, kabla mlango hauyafungwa. Ile redio yangu imekuwa yalia kama paka mtungini. Nitafutia kitu cha kunisikizisha mwanangu."

Nina mabinti mimi.

Mambo yalikwenda yakakutana. Abdalla, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa na kazi imemkalia vizuri, alipopata habari alinipigia kwamba analeta spika mpya, za hali ya juu, na mwenye duka amekubali azirudishe zisipofaa. Wakati huohuo palikuwa na Mzungu mmoja mzee huko Shela, sisi tukimwita Bwana Lorenzo, aliyeishi huko tangu nywele zake nyeusi. Maradhi yalikuwa yanamrudisha kwao, na alikuwa akiuza vitu vyake. Alikuwa na spika mbili kubwa za mbao za mjozi, koni zake pana za karatasi, raba nzima. Wengi walizitaka. Alimkataa kila aliyeuliza bei kabla ya kuketi kusikiliza. Mimi niliketi. Alinipigia kaseti ya kinanda, kisha akatazama dirishani muda wote kama mtu anayemsindikiza mgeni. Nilipomwambia ni za mama anayetaka kumsikia binti yake, alisema, "Zipeleke kwanza. Bei tutazungumza baadaye."

Tulizileta kwa mashua mpaka gatini, kisha kwa punda wa Bwana Shee, moja kila upande wa shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni. Hatujafika hata kona ya kwanza, shogi likaanza kulalia kulia. Shee akalisawazisha. Likalala tena.

"Athmani, hii moya nzito," akasema. "Punda wangu hasemi uongo."

Nikamsimamisha punda. Spika za maana ni pacha. Zikitofautiana uzito, huenda moja imebadilishwa sumaku, au imewekewa koili ya kigeni, na pacha wa namna hiyo hawatasema neno moja kwa pamoja hata uwabembeleze vipi. Ukinunua zilizotumika, zipime uzito, na kama huna mizani tafuta punda. Tulizishusha palepale kwenye ndia, njia yenyewe nyembamba, nikainamisha ile nzito, na kupitia lile tundu la nyuma ukamwagika mchanga wa Shela, mweupe, mwingi, na mwisho wake kijiko cha plastiki cha kuchezea. Wajukuu wa Bwana Lorenzo walikuwa wamepafanya ghala. Shee alicheka mpaka punda akageuza kichwa. Nilikagua koili, mchanga haukuifikia.

Kwa hiyo siku ile, baada ya alasiri, chumbani kwa Bi Khadija palikuwa na spika za aina mbili. Mpya za Abdalla, nyembamba, ndefu, nyeusi, zinang'aa unajiona ndani yake. Na za Lorenzo, pana kama makabati, pembe moja imekwaruzwa. Abdalla alizitazama za Lorenzo kama mtu aliyeletewa viatu vya maiti.

"Fundi, sina maneno mabaya," akaniambia pembeni. "Lakini mamangu amefua nguo za watu mpaka mimi nikasoma. Nataka apate kitu kipya. Hiki cha Mzungu alichokichoka, nimpe mamangu?"

Sikumlaumu hata kidogo. Alitaka kumheshimu mama yake, na dunia imetufundisha kwamba heshima huja na karatasi yake ya nailoni haijachanwa.

Nikazipanga zote kwa kaseti yangu ya kasida za wazee wetu, nikazisogeza mbali na ukuta, nikazielekeza pale alipozoea kuketi Bi Khadija. Mpaka hapo ni kazi ya kawaida. Halafu ikaja sehemu ambayo Fundi Kioko hakunifundisha, kwa sababu kwao haiko: sauti yenyewe ambayo spika zinanunuliwa kwa ajili yake, mimi fundi sikuruhusiwa kuisikia. Wala Abdalla, ingawa Salma ni dada yake tumbo moja, kwa sababu ya wale wanawake wengine. Bi Khadija naye asingeweza kunieleza anachosikia, alisikia nusu nusu. Nilihitaji mashikio mengine.

Mashikio hayo yalikuwa ya mke wangu, Mwanakheri.

Sijui nimwelezeje kwenu ambao hamkumuona. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa maneno, na asubuhi alikuwa na kikohozi na sauti ya kukwaruza mpaka anywe kahawa. Ukimsemesha kabla ya hapo alikujibu kwa mkono, na ukimshikilia alisema, "Niwata, sauti yangu haiyafunguka," yaani nimwache, bado haijafunguka. Tulioana angali na aibu ya kunitazama, tukazeeka akinitukana kwa mapenzi. Dukani kwangu nilirekodi kasida, nilirekodi mawaidha, nilirekodi watu wakiwatumia salamu jamaa zao Uarabuni. Yeye kila nilipomwekea kinasa sauti mbele alikizima. "Sauti yangu haikai kijalubani," alisema, yaani haifungiwi kisandukuni. Basi nikamwacha.

Alikuwa amenisaidia kazi nyingi za nyumba za wanawake. Tulikuwa na lugha yetu. Akisema sauti imevaa buibui, najua sauti nyembamba zimezibwa. Akisema yasema puani, najua boksi liko karibu mno na ukuta. Yeye alikuwa ndani pamoja na Bi Khadija na Fatma, mke wa Abdalla. Mimi na Abdalla tuko nje kwenye daka, lile baraza la mawe la mbele ya mlango. Kuta ni nene, lakini kwa kuogopa tusije tukasikia, tulizungumza kwa nguvu juu ya bei ya simiti. Sijawahi kuzungumza habari za simiti kwa bidii kama siku ile.

Wakaanza na mpya. Baadaye Mwanakheri akaja mlangoni, macho yamemwiva.

"Baba Omari," akaniita kwa jina la mwanetu, "hizi mpya zasema kila kitu. Bangili nazisikia. Kuna mtu ameweka kikombe chini, nimesikia na kikombe."

Abdalla akanitazama, uso umemng'aa. Nami, niseme kweli, nilikwisha kuamua. Spika inayotoa kikombe kilichowekwa sakafuni katika kaseti kongwe si spika ya mchezo.

"Basi mpya," nikasema.

"Ngoja," akasema Mwanakheri. "Mimi ndiye niliyesikia bangili. Bi Khadija asema siye."

"Siye nani?"

"Siye Salma. Asema ni msichana mwingine, mwembamba, yuko mbali."

Nikamwambia aongeze sauti. Akaenda, akarudi: Bi Khadija ameziba mashikio, zamuumiza, na bado siye. Nikamwelekeza namna ya kugeuza vifundo vya besi. Akarudi: bado siye, na sasa huyo msichana ni kama amejifunika blanketi. Ndipo nikaelewa lile nililopaswa kulijua tangu zamani. Mashikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba. Spika zile mpya ziliweka uzuri wake wote mahali ambapo Bi Khadija alikuwa amekwisha kuhama.

"Mjaribu za Lorenzo," nikasema.

Safari hii walikawia sana. Abdalla aliacha habari za simiti, nami nikaacha. Tulipogundua tumenyamaza tukaanza tena mbiombio. Kisha mlango ukafunguliwa na Mwanakheri akasimama pale, mkono kwenye komeo, hatoki wala hafungi. Nilidhani kuna kilichoungua.

"Bangili hazisikiki sana," akasema. "Kikombe hakuna kabisa. Lakini Salma ameingia na kifua chake. Bi Khadija amesema, 'Ndiye.' Sasa anazungumza naye. Amjibu, Baba Omari. Kila Salma akiimba, mamake amjibu."

Abdalla akainama akashika uso wake kwa mikono miwili. Nikamwekea mkono mgongoni. Alipoinuka alisema neno moja tu: "Hizo." Mpya zilirudi Mombasa zikiwa zinang'aa vilevile.

Hapo ndipo mnapotaka nimalizie, najua. Mnataka niseme kuukuu ni bora. Sisemi. Laiti msikilizaji angekuwa Mwanakheri, ningechukua mpya na nisingejuta. Muulizeni atakayesikiliza, muwekeni pale atakapoketi, mpigieni anayemjua. Kama mwenyewe atasema siye, hata spika iwe imetoka kiwandani jana na imesifiwa na dunia nzima, mrudishieni mwenye duka.

Njiani kurudi nyumbani siku ile Mwanakheri alikuwa kimya. Si kawaida yake. Alikuwa mtu wa kuhadithia mpaka mlangoni na kuendelea ndani. Nikamuuliza kulikoni.

"Nimechoka kusikiza," akasema, na akatabasamu upande mmoja.

Bi Khadija alimsikia Salma kila siku baada ya alasiri, na mara kwa mara alinitumia salamu kupitia kwa Fatma: leo amemsikia vizuri, leo amemsikia kidogo. Salamu zikawa zinapungua. Mlango wake ulifungwa polepole, kama alivyoogopa, lakini alipata alichokitaka kabla haujafungwa.

Kisha zamu ikawa yangu. Mwanakheri aliugua. Tulivuka naye Manda, uliko uwanja wa ndege, kumkimbiza kwa ndege Mombasa, na nilimrudisha Amu nikiwa najua. Hakukawia. Sitawaandikia siku zile, nimejaribu na kalamu imekataa. Nitawaambia jambo moja la ufundi tu: nyumba iliyozoea sauti ya mtu hutoa mwangwi mwingine akishaondoka. Vyombo vikianguka vyalia zaidi. Nilitia mapazia, nilitia mikeka ukutani, mimi fundi wa sauti, na bado. Na nilikuwa nina makaseti ya mji mzima, ya watu ambao hata majina yao siyakumbuki, na yeye sina hata kikohozi chake. Hilo lilinitesa kuliko yote.

Baada ya khitma yake, Fatma akaja kuniita. Bi Khadija ananitaka.

Nilimkuta hasikii tena kitu. Fatma alinipokea ndani ya ukumbi wa mlango, upande huu wa pazia; Bi Khadija alikuwa upande wa pili, chumbani, ameketi pembeni mwa spika ya Lorenzo. Fatma aliniambia sasa huketi hivyo kila alasiri, kiganja chake amekiweka juu ya boksi, na kaseti ikienda anaisikia mkononi. Ile mbao pana humtetemekea. Kiziwi wa namna ile asingepata chochote kutoka katika zile nyembamba za Abdalla.

Bi Khadija akaanza kusema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia.

"Athmani, nina amana ya mkeo. Ile siku ya spika aliniapisha nisikwambie. Alisema, 'Athmani akiyua, hatanipumzisha, kila siku ataniambia niimbe.' Nami nikamfitia, sikusema. Sasa ameondoka, na kiapo kimeondoka naye. Yumo kasetini, Athmani. Ubavu wa pili, mwisho. Ile harusi alikuwako, mwali bado, hamuyaoana. Salma alimvuta kwa nguvu aimbe."

Nikakaa sakafuni.

Fatma alikuwa amekwisha kulifikiria la wanawake wengine. Aliniambia kidole chake kitakuwa kwenye kifundo cha sauti: wakiimba wenzake atafunga, akiwa Mwanakheri peke yake atafungua. Amesikiliza siku nzima, amejifunza mahali pake pote. Nikamwambia Mungu amlipe, maana mimi singeweza.

Kaseti ikaanza kwenda. Kimya, lakini nilijua inakwenda. Kisha Fatma akafungua.

Akakohoa. Kikohozi kile, cha asubuhi, cha kabla ya kahawa. Halafu akasema, kijana, mcheshi, yuko pale pale nyuma ya pazia kwa kifua chake chote:

"Ngojani kwanda! Sauti yangu haiyafunguka."

Fatma akafunga. Nadhani wenzake walicheka. Nikangoja nimekodoa macho kwenye pazia. Akafungua tena, na mke wangu akaimba, mwanzo akitetemeka, kisha akaipata. Sikujua kwamba anaweza. Miaka yote ile ndani ya nyumba yangu, sikujua. Wimbo ulikuwa mfupi, ukafungwa, na haukufunguliwa tena.

"Ndiye?" Bi Khadija akauliza kwa sauti kubwa, kiganja chake bado kwenye boksi.

"Ndiye," nikasema.

Hakusikia.

"Athmani, ndiye?"

"Ndiye, Bi Khadija. Ndiye."

Akauliza tena, nami nikajibu tena, mpaka Fatma akaenda akamshika mkono.